Beseni la Maji Nyuma ya Mzee Hachoki

Haya nilisimuliwa na Ayuma na mumewe Wesonga, nyumbani kwao Umoja, Jumamosi moja ya Aprili mwaka huu, mvua ilipotufungia ndani na chai ikachemshwa mara tatu. Ayuma ndiye aliyekuwa akisimulia. Wesonga kazi yake ilikuwa kurekebisha, na kila aliporekebisha mkewe alimwambia, "Ngoja, nitafika hapo." Nimeyapanga vile nilivyoyasikia, ila nimemwacha Ayuma atangulie, maana mzigo ulikuwa wake.

Abdifatah hupima chungu cha jiko kwa kifundo cha kidole. Hukiinua kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa wa kulia, akategea sikio. Chungu kizima hulia, na mlio wake hukaa hewani kidogo kabla ya kuisha. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho, hujibu kama gogo. Asubuhi hiyo alikuwa akivigonga mbele ya duka lake la majiko pale Majengo, na Ayuma amesimama kando yake, mikono ameikunja tumboni kama mtoto aliyeitwa ofisini na mwalimu.

Vyungu hivyo ni vile vya udongo vinavyotiwa ndani ya bati la jiko ili vishike makaa. Ayuma alikuwa amevifinyanga kwa miaka tisa nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka yote tisa Abdifatah alikuwa amevichukua bila kuuliza.

"Hiki kinalia," akasema Abdifatah, akakiweka kulia. "Hiki gogo. Hiki gogo. Hiki nacho gogo, mama yangu."

Mwanamke mmoja aliyekuja kununua jiko alisimama kutazama. Aliangalia lundo la kushoto, akamwangalia Ayuma. "Kumbe ndiyo maana langu lilipasuka siku ya Krismasi na nyama iko juu," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Kisha akaenda duka la jirani.

Abdifatah alimfuata kwa macho hadi alipoingia humo. Alipogeuka, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Ayuma zaidi.

"Mama Nalianya, mimi nakuheshimu, wallahi. Lakini hii ni mara ya tatu. Katika kila vitatu kimoja ni gogo. Udongo wako umechoka."

"Udongo ni ule ule, Abdifatah."

"Basi mikono imechoka. Sijui. Mimi sifinyangi, mimi nasikiliza." Akapangusa vumbi kwenye vidole. "Wiki ya pili kutoka leo kuna watu wa Garissa wanataka vyungu mia mbili. Nimekupa wewe kwanza. Vikija magogo tena, nitachukua kwa yule kijana wa Githurai anayetumia mashine. Usiniletee maneno. Niletee mlio."

Ayuma akavirudisha vyungu vibovu kwenye magunia yeye mwenyewe. Mbeba mizigo aliyemjua miaka mingi akamuuliza, "Mama, leo unarudisha badala ya kuleta?" na wenzake wakacheka kidogo, cheko lisilo na ubaya wowote. Ayuma alicheka nao. Kisha akakaa juu ya gunia kumngoja Wesonga alete pikapu, na huko kungoja akawa anaitazama mikono yake, pande zote mbili.

*

Alianza na udongo, kwa kuwa ndio alioujua. Aliuchekecha mara mbili. Aliuongezea unga wa vigae. Aliukanda kwa miguu mpaka Nalianya, binti yake, akamwambia, "Mama, hata chapati hazihitaji kuteswa hivyo." Nalianya alikuwa na miaka ishirini na nne, anafanya kazi kwenye ghala moja Industrial Area, na alikuwa na leseni ya gari ambayo baba yake hakuwa amempa nafasi ya kuitumia.

Kisha Ayuma alikwenda kwa Makokha, mzee anayechunga tanuri kule Njiru. Vyungu vilifinyangwa na kukaushwa Umoja, lakini majirani walikataa moshi zamani, kwa hiyo vilichomwa Njiru. Makokha alimsikiliza, akamwonyesha mitungi ya maua ya watu wengine iliyotoka kwenye moto uleule. Mizima yote.

"Moto haupendelei, mama," Makokha akasema. "Ungekuwa na ubaya ungewapasulia na hao. Vyako vinaingia humu vikiwa tayari na ugonjwa. Ufa wa chungu kibichi ni kama uzi wa buibui. Moto unaufungua tu."

Ayuma alirudi akilifikiria hilo la kuingia vikiwa tayari na ugonjwa. Jioni hiyo alichukua msumari. Vyungu sitini vilikuwa tayari vimekauka. Vile vitakavyopangwa mbele, karibu na kioo cha dereva, alivikwaruza mstari mmoja chini. Vya nyuma, juu ya magurudumu, mistari miwili. Na vyungu sita alivikwaruza mitatu, akavifunga kwenye blanketi, akampa Nalianya avipakate mapajani ndani ya gari hadi Njiru.

Siku ya nne vilipotoka motoni alivigonga kimojakimoja mbele ya Makokha. Vyenye mistari mitatu vililia vyote sita. Vya mstari mmoja vilikuwa na magogo manne. Halafu akaanza vya mistari miwili, gogo baada ya gogo, na Makokha akavua kofia yake.

"Si mikono yako," mzee akasema.

Ayuma alikaa chini, akaegemea ukuta wa tanuri uliokuwa bado na joto, akalia kidogo kwa raha. Baadaye alijipangusa uso kwa leso na akaanza kufikiria jinsi ya kumwambia Wesonga.

*

Pikapu ni Datsun ya mwaka wa sabini na nne, ya rangi ya maziwa mahali ambapo kutu haijafika. Baba yake Wesonga aliinunua kwa Mhindi mmoja, akabebea sukari na mahindi kwa miaka thelathini, na kwenye mlango wa nyuma akaandikisha kwa rangi nyekundu MZEE HACHOKI. Wesonga anaposimama na watu huiegemea. Huizungumzia kama mtu aliyetoka nje kidogo.

"Unataka kusema gari la baba yangu linavunja vyungu," akasema Wesonga.

"Sijasema la baba yako. Nimesema upande wa nyuma."

"Upande wa nyuma wa gari la nani?"

"Baba, hata mimi nikikaa hapo hukalia mto," Nalianya akasema kutoka jikoni.

"Wewe nyamaza. Gari hili limebeba magunia kumi na mawili ya mahindi kutoka Kitale. Wewe hujazaliwa."

"Mahindi hayapasuki, Baba Nalianya," Ayuma akasema kwa upole. "Nimekuonyesha mistari. Kama hutaki kuamini msumari, panda nyuma wewe mwenyewe. Nalianya aendeshe."

Wesonga alicheka. Mkewe hakucheka. Alipoona hivyo alienda akapanda nyuma, akasimama ameshika paa kwa mkono mmoja kama mgombea uchaguzi. Nalianya akaondoka taratibu, akapita duka la Mureithi, akafika kwenye matuta yale mawili ya kona. Kwenye tuta la kwanza kilisikika chuma kikigonga chuma. Kwenye la pili Wesonga hakuwa tena amesimama.

Walimrudisha ameshika kiuno. Majirani wawili walikuwa wameona, na mmoja akamuuliza kama Mzee Hachoki amemchoka. Wesonga alishuka kwa kutanguliza mguu mmoja, akainama, akachungulia chini ya gari kwa muda mrefu.

"Kesho nitaipeleka kwa Munyao," akasema akiwa bado kule chini.

Ayuma aliingia ndani, akatoa zile pesa alizokuwa akiweka za kununulia tangi la maji. Alimpa bila kuzihesabu mbele yake. Asubuhi, kabla hajaondoka, alimwomba afanye jambo moja la ajabu, na kwa kuwa kiuno kilikuwa bado kinamuuma, Wesonga alikubali.

*

Munyao ana gereji ya mabati matatu karibu na Kariobangi, na hakuna gari la zamani Eastlands ambalo hajalala chini yake. Alipiga jeki, akatoa magurudumu, akamwita Wesonga aone.

"Niaje mzee wangu, hebu tazama hii."

Springi za nyuma za Datsun ni vipande virefu vya chuma vilivyopinda kama upinde, kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Za Mzee Hachoki hazikuwa na upinde tena. Zilikuwa zimenyooka kama rula, na upande wa kushoto jani la pili lilikuwa limekatika, kutu imeshajaa mahali pa kukatikia.

"Hii springi haijalala leo," Munyao akasema. "Imelala tangu wewe ukiwa na nywele. Ekseli ya magurudumu inagonga bodi moja kwa moja. Ni kama unabeba mzigo kwa mfupa."

Wesonga aliguswa. Alikuwa akilipaka gari rangi kila Desemba na hakuwahi kupeleka mkono huko chini. "Mtie kitu cha nguvu," akasema. "Sitaki kurudi hapa tena."

Ilikuwa ni kauli ya mwanamume kwa mwanamume, na Munyao aliichukua hivyo. Alitafuta majani matano mapya ya saizi ya Datsun, akabadilisha mipira ya mwisho wa springi iliyokuwa imeliwa. Kisha akachukua springi ya lori iliyokuwa pale gereji, akakata majani matatu zaidi, akayapachika juu.

"Hayo matatu ni ya heshima," akasema.

Mzee Hachoki alirudi Umoja saa kumi jioni, nyuma kumeinuka juu kuliko mbele, kama ng'ombe dume aliyeona mwenzake. Vijana waliokuwa wamekaa kwa Mureithi wakasimama. "Buda, hiyo sasa inabeba ng'ombe na zizi lake," mmoja akasema. Wengine wakalipiga bodi makofi. Wesonga aliliendesha polepole mbele yao, akageuza mwisho wa barabara bila sababu, akapita tena.

Ayuma alikuwa anamngoja langoni na beseni la bluu la kufulia.

"Imependeza," akasema. "Weka hili nyuma."

Akalijaza maji kwa kikombe cha bati, vikombe ishirini, akihesabu kwa sauti. "Mpaka matuta ya kona urudi. Mwendo ule ule wa asubuhi."

Wesonga akaenda. Aliporudi mlango wa nyuma ulikuwa unachuruzika. Ayuma akapanda, akayachota maji yaliyobaki kikombe kwa kikombe.

"Vimemwagika vikombe kumi na kimoja."

"Si vibaya," Wesonga akasema. "Asubuhi si ndiyo hivyohivyo ulinipimisha? Vilimwagika vingapi?"

"Tisa."

Vijana wa kwa Mureithi walikuwa wamesogea kuona beseni ni la nini, na sasa walikuwa wanaangalia ardhi, ambako matone yalikuwa yanachora mstari kutoka kona hadi langoni.

"Nilitoa pesa za tangi," Ayuma akasema taratibu, "ili gari lirushe zaidi."

*

Siku iliyofuata alikwenda Kariobangi mwenyewe. Alikaa mbele karibu na Wesonga, beseni mapajani. Nyuma walikuwa wamepakia magunia manane ya mchanga, kwa kuwa Ayuma alikuwa amepiga hesabu kwamba vyungu mia mbili vibichi vina uzito huo.

Munyao alilitazama beseni. Alitazama mchanga. Akamtazama Wesonga, ambaye alikuwa ameona jambo la maana sana kwenye bati la paa.

"Mama, karibu. Umekuja kufua?"

"Nimekuja kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Yale majani ya heshima."

Mafundi wengine wawili waliacha spana zao. Munyao akacheka, akatikisa kichwa. "Mama, na heshima zote, springi haipimwi na beseni. Springi ni ya kubeba. Miaka ishirini watu wananijia na neno moja, fundi, ongeza. Hakuna mtu amewahi kuniambia fundi, punguza. Ukipunguza, gari litakaa chini. Watu watasema Munyao hajui kazi."

"Fundi, umewahi kubeba kitu kichwani?"

"Maji, nikiwa mtoto. Kwetu Mwingi."

"Na ukaweka kata ya nyasi chini ya mtungi."

"Lazima."

"Mimi nilikulia Ilesi, kwa wafinyanzi. Mama yangu alinipa chungu kibichi nikibebe mlima mzima. Kata ikiwa nyepesi, chungu kinakaa kwenye mfupa, kinapasuka. Ukisema basi niifunge nene, ikaze kama jiwe, kinapasuka vilevile, kwa sababu kila hatua inakirudisha juu. Mama alikuwa anatufungia kila mtoto kata yake, kulingana na chungu chake siku hiyo." Akaliweka beseni nyuma ya pikapu, katikati ya magunia. "Gari hili ulilifungia kata ya magunia kumi na mawili ya mahindi. Mimi sina mahindi. Sitaki libebe zaidi, fundi. Nataka libebe taratibu."

Munyao akajikuna shingo kwa spana.

"Hebu tulione na mzigo kwanza," akasema, na hakuwa anacheka tena.

Na mzigo, kwa majani manane, yalimwagika vikombe saba. Munyao akaingia chini ya gari, akatoa la kwanza la lori. Sita. Akatoa la pili. Vinne. Sasa mafundi wote walikuwa wamesimama karibu na beseni, na mwenye duka la vipuri la jirani akaja na kiti chake. Munyao akatoa la tatu, yakabaki matano tu, yale ya Datsun. Akapaka grisi kati ya jani na jani, yasikwaruzane. Wesonga akaendesha hadi mwisho wa barabara ile mbovu, kupitia mashimo yote, akarudi. Ayuma akachota.

"Kimoja na nusu."

"Ngoja," Munyao akasema. Uso wake ulikuwa umejaa grisi na jambo jingine, kama mtu aliyeanza kushinda mchezo ambao hakutaka kuucheza. "Hebu nitoe moja tena. Tujue mwisho wake."

Akatoa, wakajaribu na majani manne, chuma kikagonga, yakamwagika vitatu. Munyao akapiga paja. "Umeona? Matano. Hapo ndipo. Mama, ni matano." Alilisema kama kwamba yeye ndiye aliyekuja na beseni, na Ayuma akamwachia.

Munyao alilirudisha jani la tano, akakaza nati zote mara mbili. Pesa ya kazi ya siku hiyo alikataa. Aliomba kitu kimoja tu, kama anaweza kubaki na beseni.

"Nunua lako," Ayuma akasema. "Hili ni la nguo."

Waliporudi Umoja gari lilikuwa limekaa chini kiasi, nyuma na mbele sawasawa. Vijana wa kwa Mureithi wakapiga miluzi. "Buda, mbona limenyenyekea?" Wesonga angeweza kupita na uso mkavu. Alisimamisha gari katikati ya barabara, akatoa kichwa dirishani.

"Limefungwa kata ya mzigo wake," akasema. "Nyinyi hamwezi kuelewa." Na akaondoka.

*

Vyungu mia mbili vilipakiwa alfajiri ya Jumatatu, vimepangwa kwa nyasi katikati. Ayuma alikwaruza mistari yake miwili kwenye vyote vya juu ya magurudumu, ingawa Nalianya, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alimwambia haina haja. Njia ya Njiru ilikuwa imechimbwa na mvua. Kila shimo Wesonga alilikaribia kama mtu anayemvusha mama yake mtaro, na kila mara gari liliinama, likainuka, likatulia. Chuma hakikugonga chuma hata mara moja.

Makokha aliwasha moto. Walikaa naye zamu kwa zamu mpaka tanuri lilipopoa, siku mbili na usiku wake, bila kulala vya kutosha yeyote kati yao. Asubuhi ya Jumatano mzee alitoa tofali la kwanza la mlango, la pili, na joto likawapiga usoni. Ayuma aliingiza mkono akatoa chungu cha kwanza. Alikigeuza. Mistari miwili.

Akakigonga.

Makokha alikuwa amefumba macho kusikiliza. Nalianya alikuwa ameshika mkono wa baba yake. Mlio ulitoka, ukakaa, ukaisha taratibu.

Akatoa cha pili. Cha kumi. Alipofika cha thelathini aliacha kutazama mistari. Alipofika cha sitini alianza kugonga viwili kwa wakati mmoja, na Makokha, mzee wa miaka sabini, akaanza kutikisa bega. Walimaliza jua likiwa limepanda. Magogo yalikuwa mawili tu, na kimoja kati yake Nalianya alikiri kwamba alikiangusha yeye wakati wa kupakia.

"Mia moja tisini na nane," Wesonga akasema. Alilisema tena kwa lugha ya kwao. Kisha akaenda akasimama nyuma ya gari, akaweka mkono kwenye maandishi ya baba yake.

*

Pale Majengo, Abdifatah hakuuliza habari. Aliketi kwenye kigoda, akakunja mikono ya shati, akaanza. Wabeba mizigo walikuja kuona. Yule mwanamke wa nyama ya Krismasi hakuwapo, na Ayuma alisikitika kidogo kwamba hayupo.

Abdifatah aligonga kumi, akaweka kulia. Aligonga ishirini. Upande wa kushoto ulibaki sakafu tupu. Alipofika hamsini alisimama, akazunguka nyuma ya pikapu, akavuta viwili kutoka chini kabisa ya nyasi, mahali ambapo mtu mjanja angeficha vibovu. Vikalia. Akavuta vingine.

"Umebadilisha udongo," akasema.

"Udongo ni ule ule."

"Basi umepata mtu wa kukusaidia. Mikono hii si ile."

Ayuma akainyoosha mikono yake mbele ya macho ya Abdifatah, viganja juu, kucha zenye udongo ambao hautoki hata kwa brashi.

"Ni hii hii, Abdifatah. Itazame vizuri. Wiki mbili zilizopita uliiambia imechoka, hapahapa, mbele ya hawa. Vyungu vilikuwa vinaumia garini."

Abdifatah aliitazama mikono. Ni mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea huwa na kazi ngumu kuliko wengine.

"Nilisema," akakubali kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nilikosea. Naomba radhi, mama yangu." Akawageukia wabeba mizigo. "Shusheni. Msivirushe." Kisha, kwa sauti ya kawaida, "Watu wa Garissa wakishavichukua hivi watataka mia nne mwezi ujao. Ni vingapi vilivyokufa njiani?"

"Viwili."

"Viwili." Akatazama Datsun ile, imekaa chini bila majivuno, mlango wa nyuma wazi. "Gari gani hili linabeba namna hii?"

"La marehemu baba yangu," Wesonga akasema. Halafu akaongeza, jambo ambalo Ayuma hakulitarajia na ambalo analisimulia hadi leo akitabasamu, "Lakini springi zake ni za mke wangu."

*

Walirudi mchana, jua kali, gari tupu. Nalianya alikuwa ameshalala mbele, kichwa kwenye mlango, kabla hawajavuka daraja. Ayuma alikataa kukaa mbele. Alisema anataka kujua vyungu vilihisi nini. Alitandaza nyasi zilizobaki, akalala chali juu ya magurudumu kabisa, mahali pa mistari miwili, leso usoni.

Alihisi gari likiingia shimoni, likimshusha na kumpokea. Alihesabu mashimo matatu. La nne hakulihesabu.

Wesonga alipofika nyumbani alizima gari langoni. Alizunguka nyuma amwamshe, akamkuta mdomo wazi, mkono mmoja umeshika nyasi. Mureithi alikuwa anapita na kreti ya soda. Wesonga akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, na Mureithi akaenda kwa kunyata, chupa zikilia kidogokidogo. Wesonga alichukua turubai akalifunga juu ya mkewe lifanye kivuli, akaacha pembe moja wazi upepo uingie.

Angeweza kwenda kulala kitandani. Alivua viatu, akaviweka chini ya gari, akapanda nyuma kwa kutanguliza goti. Springi ziliinama kidogo kwa uzito wake, zikainuka, zikatulia. Ayuma hakuamka. Wesonga alijinyoosha kando yake, akafikiria amwambie jambo kuhusu yale majani matano, akatafuta maneno mazuri ya kuanzia, na usingizi ukamchukua akiwa bado anayatafuta.